Historia ya Kushona Kano za Mkono

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba kila mtu amekaa mahali anapouona ubao, na kwamba kila mmoja ana kalamu yake ya risasi. Ndugu mwanafunzi, usiiweke kalamu mezani. Ishike. Somo la leo linahusu mkono huo unaoishika.

Wengi wenu mmeanza kujifunza kuandika mkiwa watu wazima. Bila shaka mnakumbuka siku ya kwanza, jinsi vidole vilivyozoea jembe vilivyokataa kutii kalamu. Sasa vinatii, na utii huo mmeupata kwa jasho. Basi leo tujiulize maswali mawili. Kitu gani ndani ya mkono huvifanya vidole vitii? Na kitu hicho kikikatwa, watu walijifunzaje kukirudisha? Jibu la swali la pili liliwachukua waganga karne nyingi, na sehemu ya habari yake imepita hapa kwetu, katika miteremko ya Kilimanjaro.

MGUU WA KUKU

Tuanze nyumbani. Kuku akichinjwa, miguu yake hukatwa na watoto huiokota. Pale palipokatwa huonekana nyuzi nyeupe. Mtoto akivuta uzi mmoja, vidole vya kuku hujikunja kana kwamba kuku yu hai. Akiuachia, vidole hulegea. Watoto wadogo hukimbia wakipiga kelele, na wakubwa hucheka. Nadhani wengi wenu mmewahi kuucheza mchezo huo.

Uzi ule mweupe huitwa kano. Kano ni kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Msuli huvuta, kano hupeleka nguvu, na mfupa husogea. Kano yenyewe haina nguvu ya kuvuta. Fikirini ng'ombe wa kulima huko tambarare. Ng'ombe ni msuli, mnyororo ni kano, na plau ni mfupa. Mnyororo ukikatika, ng'ombe huenda zake, na plau hubaki palepale ardhini. Ng'ombe hana kosa, wala plau haina kosa. Kilichokosekana ni mnyororo.

Sasa tufanye jaribio dogo. Weka kalamu chini kwa muda. Kwa mkono wa kulia shika kigasha chako cha kushoto, yaani sehemu iliyo kati ya kisugudi na kifundo cha mkono. Kunja vidole vya kushoto, kisha vikunjue. Mara nyingine tena. Unasikia nini? Nyama inacheza chini ya ngozi. Kumbe misuli yenye nguvu inayokunja vidole haikai kwenye vidole. Inakaa mbali, katika kigasha, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono na kiganja.

Kila kidole kati ya vile vinne kina kano mbili za kukunjia. Moja hupita juu juu, nayo hukunja kiungo cha kati. Ya pili hupita ndani zaidi, nayo hufika mpaka ncha ya kidole. Kidole gumba kina kano moja ndefu ya kukunjia. Tufanye hesabu ubaoni: 4 mara 2 ni 8, ongeza 1, jumla ni 9. Kano hizo 9 hupita pamoja katika njia nyembamba kwenye kifundo cha mkono. Nyuma ya mkono ziko kano nyingine za kunyosha vidole.

Jambo moja zaidi kabla hatujaingia katika historia, na jambo hili ndilo lililowatesa waganga kuliko yote. Ndani ya kidole, kano haipiti wazi. Hupita ndani ya ala laini, kama kamba ya suruali inavyopita ndani ya pindo. Ala hiyo imefungwa kwenye mfupa kwa pete ngumu, ili kano isinyanyuke kidole kinapokunjwa. Nafasi ni ndogo mno. Kano hupita kwa shida, lakini hupita kwa ulaini, maelfu ya mara kila siku.

JERAHA DOGO KIHAMBANI

Sasa, ndugu mwanafunzi, fikiri ni asubuhi, nawe umekwenda kukata majani ya ng'ombe. Umeshika kitita cha majani kwa mkono wa kushoto, na panga liko katika mkono wa kulia. Majani yana umande. Panga linateleza na kukukata kiganjani, karibu na mahali vidole vinapoanzia. Damu inatoka. Unafunga kwa kipande cha kitambaa, unabeba mzigo wako na kurudi nyumbani. Jeraha si refu. Katika majuma mawili limefunga, na ngozi imeshikana vizuri.

Lakini kidole cha pete hakikunjwi. Unakiamuru, nacho kimenyooka tu, kama mgeni asiyejua lugha yako. Hakiumi sana, wala hakina usaha. Hakisikii amri tu. Ukishika jembe, kidole hicho kinabaki nje. Ukichuma kahawa, kinakwaa matawi. Watu wanakuambia, "Shukuru Mungu, kidonda kimepona." Ni kweli kidonda kimepona, lakini mnyororo ulikatika siku ile, wala hakuna aliyeutazama.

Nini kilitokea ndani? Kumbukeni kamba ya suruali. Ikikatika, ncha moja hukimbilia ndani ya pindo na kupotea. Kano hufanya hivyohivyo. Msuli huvuta ncha iliyo upande wake, nayo hurudi kiganjani, pengine hata karibu na kifundo cha mkono. Ncha mbili haziwezi kushikana, kwa sababu hazigusani. Mfupa uliovunjika huweza kuungana wenyewe ukiwekwa sawasawa. Kano ya kukunjia kidole iliyokatika kabisa haiungani yenyewe. Lazima mtu aitafute, airudishe na kuishona.

Kwa nini basi waganga wa kale hawakuishona? Hapa ndipo historia inapoanza.

NENO MOJA, VITU VITATU

Katika Kiswahili tunasema "mshipa". Mshipa wa damu ni mshipa. Uzi unaopeleka habari za maumivu kutoka kidoleni mpaka kwenye ubongo nao ni mshipa, mshipa wa fahamu. Na watu wengi huita hata kano mshipa. Tusione haya kwa hilo, maana Wayunani wa kale walifanya vivyo hivyo. Neno lao "neuron" lilikuwa jina la kano, na baadaye likawa pia jina la mshipa wa fahamu. Kwa macho vinafanana: vyote viwili ni vyeupe, na vyote viwili ni kama kamba.

Mganga mashuhuri Galen alizaliwa mwaka 129 katika mji wa Pergamo, ulioko katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alipokuwa kijana aliwatibu watu waliopigana kwa panga katika viwanja vya michezo, kwa hiyo aliona majeraha mengi. Galen aliamini kwamba ndani ya kano mna nyuzi za fahamu, na alionya kwamba kuchoma mshipa wa fahamu kwa sindano huweza kuleta degedege. Waliosoma vitabu vyake baada yake walilishika onyo hilo na kulikaza. Kwa karne nyingi waganga wengi wa Ulaya waliiona kano iliyokatika, wakaogopa kuitia sindano. Walifunga ngozi tu, na kidole kikabaki kimekufa.

Hata hivyo si wote walioogopa. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na mji wa Bukhara na kufa mwaka 1037, anatajwa miongoni mwa waganga wa kwanza waliosema kwamba kano iliyokatika inafaa kushonwa. Kitabu chake kikubwa, Kanuni ya Tiba, kilisomwa na waganga wa Mashariki na wa Ulaya kwa muda wa karne nyingi. Lakini katika jambo hili hofu ya zamani ilikuwa na nguvu kuliko shauri lake.

Hofu hiyo ilivunjwa kwa majaribio. Mwaka 1752 mtaalamu wa Uswisi, Albrecht von Haller, alieleza majaribio aliyofanya juu ya wanyama. Aligusa kano, akazichoma na kuzikata. Aliona kwamba kano hazina maumivu kama mishipa ya fahamu, wala hazileti degedege. Tangu hapo ilianza kufahamika wazi kwamba kano ni kitu kimoja na mshipa wa fahamu ni kitu kingine. Tazameni basi: kosa lililoanza katika neno na katika macho lilidumu zaidi ya miaka 1,500, kwa sababu wachache tu walithubutu kulijaribu.

Hata baada ya hapo kulikuwa na vizuizi viwili. Cha kwanza ni maumivu. Nani angekaa kimya huku mkono wake ukipasuliwa ili ncha ya kano itafutwe? Mwaka 1846, katika mji wa Boston huko Marekani, dawa ya usingizi iitwayo etha ilionyeshwa mbele ya waganga, na upasuaji bila maumivu ukaenea. Cha pili ni usaha. Mwaka 1867 Joseph Lister, aliyekuwa mpasuaji Glasgow, alitangaza njia yake ya kuua vijidudu katika majeraha. Sasa mpasuaji aliweza kufanya kazi polepole, na kidonda kiliweza kukauka bila kuoza.

NCHI ISIYO NA MWENYEWE

Mngedhani shida imekwisha. La, haikwisha. Wapasuaji walianza kushona kano za vidole, na vidole vikaendelea kukataa kukunjwa. Kwa nini?

Kumbukeni pindo la suruali. Ukiikata kamba na kuifunga fundo, fundo halipiti ndani ya pindo. Tena mwili una tabia ya kuponya kila kitu kwa pamoja. Kano hutoa kovu, ala hutoa kovu, na makovu hayo hushikana kama vitu viwili vilivyopakwa gundi. Kano imeungana kweli, lakini imegandamana na ala yake, kwa hiyo haisogei. Ni sawa na mnyororo uliofungwa kwenye mti: ng'ombe akivuta, plau haiendi.

Mpasuaji wa Marekani aitwaye Sterling Bunnell, aliyeishi San Francisco, alilichunguza sana jambo hili na kuandika habari zake mwaka 1918. Alifundisha kwamba mkono hutaka mkono mwepesi, yaani kano isibanwe hovyo, isikaushwe, wala isichubuliwe. Sehemu ngumu kuliko zote, kuanzia mkunjo wa kiganja ulio karibu na vidole mpaka katikati ya kidole, ilipata jina la "nchi isiyo na mwenyewe". Jina hilo lilikuwa la vitani. Katika Vita Kuu ya Kwanza liliitwa hivyo eneo lililokuwa kati ya mahandaki ya majeshi mawili, ambako aliyeingia hakutazamiwa kurudi.

Shauri la Bunnell kwa sehemu hiyo lilikuwa hili: usishone kano siku ya jeraha. Safisha, funga ngozi, ngoja ipone kabisa. Kisha baadaye mpasuaji mwenye ujuzi atachukua kano nyingine ambayo mwili hauihitaji sana, aiweke mahali pa ile iliyoharibika. Mwalimu, waambie wanafunzi wagusanishe kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha wakunje kifundo cha mkono kidogo. Kamba itakayotokeza katikati ya kifundo ni kano ambayo mara nyingi huchukuliwa kwa kazi hiyo. Wengine wenu hamtaiona, maana wapo watu waliozaliwa bila kano hiyo, nao hufanya kazi zao zote bila shida.

Katika Vita Kuu ya Pili majeruhi wa mikono walikuwa wengi mno. Bunnell alitumwa kusimamia utibabu wa mikono katika hospitali maalumu za jeshi la Marekani, na mwaka 1944 kitabu chake juu ya upasuaji wa mkono kilitolewa. Tangu hapo upasuaji wa mkono ukawa ufundi unaojitegemea.

HABARI INAFIKA KILIMANJARO

Katika vita hivyohivyo, mpasuaji Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, alifanya kazi katika hospitali ya East Grinstead huko Uingereza. Wagonjwa wake walikuwa marubani vijana walioungua nyuso na mikono ndege zao ziliposhika moto. McIndoe hakutosheka kuokoa maisha. Alitaka kijana aweze tena kushika kijiko, kufunga kifungo na kuandika jina lake.

Mpasuaji mwingine, Michael Wood, alisomea kwake ufundi huo wa kutengeneza viungo vilivyoharibika. Wood alikuwa na shamba Ol Molog, upande wa kaskazini-magharibi wa mlima wetu. Mwaka 1956 Wood, McIndoe na mpasuaji wa Marekani Tom Rees walikutana hapo chini ya Kilimanjaro na kupanga jambo. Waliona kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na wapasuaji wachache, na hao wachache walikuwa mijini. Mgonjwa wa mbali alibaki na kovu lake maisha yote. Wakasema: ikiwa mgonjwa hawezi kumfikia mpasuaji, basi mpasuaji amfikie mgonjwa. Mwaka 1957 wakaanzisha huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la AMREF. Waliruka kwenda katika hospitali za mbali, na simu za upepo zikawaunganisha na waganga waliokuwa peke yao porini.

Hata hivyo ndege huja na kuondoka. Mkono unahitaji mtu wa kukaa nao majuma mengi, kama tutakavyoona. Kwa hiyo hatua nyingine kubwa ilikuwa kujengwa kwa hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Hospitali hiyo ilipokea wagonjwa waliopelekwa kutoka hospitali nyingine za kaskazini ya Tanzania, na pia ikafundisha. Mwaka 1981 kilianzishwa hapo chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo, na wanafunzi wakaja kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapo hapo walifundishwa pia wataalamu wa mazoezi ya viungo na wataalamu wa kumrudisha mgonjwa katika kazi zake. Katika habari ya kano watu hao si wasaidizi wadogo. Bila wao kazi ya sindano hupotea bure.

NCHI INAPATA WENYEWE

Wakati huohuo baadhi ya wapasuaji hawakuridhika na shauri la Bunnell la kungoja. Claude Verdan wa Lausanne, Uswisi, aliandika mwaka 1960 juu ya kushona kano mapema katika sehemu ileile iliyoogopwa. Mwaka 1967 Harold Kleinert wa mji wa Louisville, Marekani, aliwaeleza wapasuaji wenzake kwamba yeye na jamaa zake walishona kano katika nchi isiyo na mwenyewe, na vidole vingi vilikunjwa vizuri. Wenzake wengi waliona shida kuamini.

Siri yake ilikuwa nini? Zilikuwa mbili.

Siri ya kwanza ni mshono wenyewe. Uzi hauzungushwi nje ya kano kama kamba ya kufunga kuni. Huingizwa ndani ya kano, hushika nyama yake pande mbili, na ncha mbili hukutanishwa bila kubanwa sana. Kisha uzi mwembamba zaidi hushonwa kuzunguka ukingo, ili pasiwe na nundu ya kukwama katika ala. Baadaye wapasuaji walijifunza kupitisha uzi mara 4 au hata 6 kati ya ncha mbili badala ya mara 2, na mshono ukawa imara zaidi.

Siri ya pili ni mwendo. Zamani mkono ulioshonwa ulifungwa usisogee kabisa kwa majuma kadhaa. Kumbe hapo ndipo kovu lilipopata nafasi ya kushika. Kleinert alifunga mpira mwembamba kwenye ukucha wa kidole, akauunganisha na kifundo cha mkono. Banzi liliwekwa nyuma ya mkono. Mgonjwa alinyosha kidole mwenyewe mpaka kwenye banzi, kisha mpira ukakirudisha kukikunja. Hivyo kano ilisafiri ndani ya ala kila siku bila kuvutwa kwa nguvu na msuli wake. Mwaka 1975 Duran na Houser walieleza njia nyingine, ya kusogeza kidole taratibu kwa mkono wa pili. Siku hizi mabingwa wengi humruhusu mgonjwa aanze kukunja vidole mwenyewe, pole pole, ndani ya siku chache baada ya kushonwa, huku akiwa amevaa banzi.

Tena ganzi nayo imebadilika. Daktari Donald Lalonde wa Kanada ni mmoja wa walioeneza njia ya kupasua mkono huku mgonjwa yu macho. Dawa ya ganzi huchanganywa na adrenalini kidogo, ambayo hupunguza damu. Zamani wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba adrenalini huua kidole. Mwaka 2005 Lalonde na wenzake walitoa habari za wagonjwa 3,110 waliopewa adrenalini katika mikono na vidole, na hakuna hata kidole kimoja kilichokufa kwa sababu hiyo. Mgonjwa akiwa macho, mpasuaji humwambia, "Kunja kidole." Wote wawili hutazama kama kano inapita vizuri kabla ngozi haijafungwa. Njia hii inafaa sana mahali ambapo wataalamu wa dawa ya usingizi ni wachache. Na mnaona tena jambo lilelile: onyo la zamani lilirudiwa miaka mingi, mpaka watu walipolipima.

KAZI ILIYOBAKI NI YAKO

Ndugu mwanafunzi, nimekueleza habari za Galen, Ibn Sina, Bunnell na Kleinert. Lakini wote hao hawawezi kukusaidia usipofanya sehemu yako. Sehemu hiyo iko mwanzo, nayo iko mwisho.

Mwanzo ni siku ya jeraha. Ukikatwa mkononi, bana jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono juu. Vua pete kabla kidole hakijavimba. Usitie udongo, wala mafuta ya taa, wala majani. Usikaze kamba kwenye kigasha. Nenda hospitali siku ileile, hata kama damu imekoma. Huko utasafishwa jeraha na kuulizwa habari ya sindano ya kuzuia pepopunda.

Kisha omba vidole vyako vijaribiwe kimoja kimoja. Jaribio lake si gumu, na tunaweza kulifanya sasa hivi. Shika kiungo cha kati cha kidole chako cha shahada kwa mkono wa pili, ukinyoshe, kisha jaribu kukunja ncha yake tu. Ncha ikikunjwa, kano ya ndani i nzima. Jeraha likiwa kubwa au dogo, jaribio ni hilohilo. Kano iliyokatika ikigunduliwa mapema, mpasuaji hupata ncha zake zikiwa bado laini. Siku chache za kwanza ndizo bora. Majuma yakipita, msuli hufupika, ala hujifunga, na kazi ya mara moja hugeuka kuwa kazi ya mara mbili au tatu.

Mwisho ni siku zinazofuata mshono, na hapa ndipo wengi hupotea. Katika majuma ya kwanza kano iliyoshonwa ni dhaifu, ingawa ngozi ya juu inaonekana imepona. Maumivu yamekwisha. Shambani palizi linangoja, ng'ombe analia, na banzi linakera. Mtu analitupa banzi, anashika jembe, na kano inakatika tena. Kwa desturi banzi huvaliwa majuma 6 hivi, na kazi nzito hungojwa mpaka majuma 12 hivi. Mtaalamu wako ndiye atakayekuambia siku hasa. Lakini pia usikosee upande wa pili, yaani kuukumbatia mkono kifuani na kuogopa kuusogeza. Mazoezi uliyopewa ufanye kila siku, kwa kadiri uliyoambiwa. Ukizidisha, mshono hukatika. Ukipunguza, kovu hushika.

Majuma 12 ni muda mrefu kwa mkulima. Kwa hiyo jamaa za mgonjwa nao wana kazi. Jirani akikukatia majani ya ng'ombe kwa miezi mitatu, ameutibu mkono wako sawa na aliyeshika sindano. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kusaidiana kazi kihambani na katika kusafisha mifereji ya maji. Desturi hiyo inafaa sana hapa.

MUHTASARI

Leo tumejifunza kwamba kano ni kamba inayounganisha msuli na mfupa. Tumeona kwamba watu waliogopa kuishona kwa sababu waliichanganya na mshipa wa fahamu, na kwamba majaribio ndiyo yaliyoondoa hofu. Tumeona kwamba mshono peke yake hautoshi, maana kano lazima isogee. Na tumeona kwamba ujuzi huo ulifika mpaka Kilimanjaro, kwanza kwa ndege, kisha kwa hospitali na vyuo.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Misuli yenye nguvu inayokunja vidole iko wapi?
2. Kwa nini waganga waliomfuata Galen waliogopa kushona kano?
3. Kwa nini kano iliyoshonwa vizuri huweza kushindwa kusogea?
4. Mtu wa nyumbani kwako akikatwa kiganjani, utamwambia afanye nini siku hiyo?
5. Darasa lenu litamsaidiaje mwenzenu asiyeweza kushika jembe kwa majuma 12?

MANENO YA KUKUMBUKA

Ala: mfuko mwembamba ambamo kano hupita.
Banzi: kifaa cha kukishikilia kiungo kisisogee ovyo.
Kano: kamba inayounganisha msuli na mfupa.
Kigasha: sehemu ya mkono kati ya kisugudi na kifundo.
Kovu: alama au mshikamano unaobaki baada ya jeraha kupona.

ZOEZI LA KUANDIKA

Sasa chukua kalamu yako. Andika sentensi hii mara tatu, kwa herufi safi, na ukiandika angalia jinsi vidole vyako vinavyokunjwa na kukunjuka:

Kidonda kidogo huweza kuficha kano iliyokatika.

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Tunzeni mikono yenu.